Homa ya Nguruwe na Njia za Watu

Barabara ya misafara iliyopita Tabora haikupitisha pembe na nguo tu. Ilipitisha na maradhi. Wapagazi waliotoka Bagamoyo kwenda Ujiji walilala katika vibanda vilivyokwisha kulaliwa na wengine, na nyufani mwa sakafu walijificha papasi. Mwaka 1905, Robert Koch katika nchi hii, na Dutton na Todd katika Kongo, walithibitisha kuwa mdudu huyo huwaambukiza watu homa ya papasi.

Papasi wa jamii hiyo hiyo ana hatia ya pili. Akaapo katika mashimo ya ngiri, hutunza virusi vya homa ya nguruwe ya Afrika, ugonjwa ambao R. Eustace Montgomery aliueleza mwaka 1921 baada ya kuuchunguza Kenya. Ngiri hauguzwi nao. Bali nguruwe wa kufugwa hufa karibu wote, na dawa ya kuwaponya hakuna.

Lakini ngiri ni chanzo tu. Aufikishaye mbali ni mtu. Mwaka 1957 ugonjwa ulifika Lisbon, na yaaminiwa ulipelekwa na mabaki ya chakula cha ndege waliyolishwa nguruwe. Mwishoni mwa mwaka 2010 ulizuka Kyela, na mwaka 2011 ukaonekana Dar es Salaam. Papasi hatembei mwendo huo. Hupelekwa na nyama, magari, viatu, na nguruwe aliyeuzwa kwa haraka.

Hapa ndipo penye jaribu. Mfugaji aonapo mmoja amekufa, hutamani kuwauza waliosalia. Hatumwiti mwovu, kwani karo ya wanawe imo bandani. Lakini anunuaye naye ni jirani, mwenye wanawe. Mtu peke yake hulishinda jaribu hilo kwa shida. Wanaushirika waweza kuagana mapema kwamba kifo cha kwanza kitaarifiwa kwa Bwana Mifugo, biashara itasimama, na aliyepata hasara atashikwa mkono.

Sisi wa Sikonge twaishi kando ya misitu ya miombo, makao ya ngiri. Basi tuwafungie nguruwe wetu wasizurure, tuchemshe mabaki ya jikoni, na tusakafie mabanda. Usipoziba ufa utajenga ukuta. Neno hilo latufaa bandani, na latufaa katika chama chetu kitimizapo miaka 10.