Mkaratusi wa limau: mti wa mbao ngumu kwa wakulima wa Tarime na Serengeti

Miongoni mwa mikaratusi, ambayo wananchi wengi huiita milingoti, mkaratusi wa limau unastahili kuangaliwa kwa karibu na wakulima wa Wilaya za Tarime na Serengeti, mkoani Mara, wanaokusudia kupanda miti ya mbao. Hutambulika kwa gome laini lenye weupe na kwa majani ambayo yakifikichwa hutoa harufu ya limau. Asili yake ni Australia. Mwaka 1995 wataalamu wa mimea waliuhamisha kutoka kundi la Eucalyptus kwenda kundi la Corymbia. Hivyo, mbegu zikiandikwa Eucalyptus citriodora au Corymbia citriodora, mti ni uleule.

Mbao zake zilizokauka zina uzito unaokaribia kilo 1,000 kwa mita moja ya ujazo. Kwa viwango vya Australia, kiini chake kikichimbiwa ardhini hukadiriwa kudumu miaka 15 hadi 25, na kikitumika juu ya ardhi, zaidi ya miaka 40. Kwa mfugaji anayelazimika kubadilisha nguzo za zizi kila zinapoliwa na mchwa, sifa hiyo si ndogo.

Uimara huo, hata hivyo, umo katika kiini pekee. Tabaka la nje, lenye rangi hafifu, hushambuliwa na wadudu wanaotoboa mbao na kuiacha unga. Mti uliokatwa ungali mwembamba una kiini kidogo, na anayeuuza kwa jina la mbao ngumu humuuzia mnunuzi sehemu isiyodumu. Nguzo changa hazina budi kutiwa dawa. Anayetaka mbao awe tayari kusubiri miaka mingi, akipunguza miti dhaifu ili iliyobaki inenepe.

Jambo la kushangaza ni kwamba mchwa wanaoshindwa na kiini cha mti mkubwa huangamiza miche yake, hasa wakati wa ukame. Miche ipandwe mvua zinapoanza na ipaliliwe kikamilifu. Nafasi ya mita 3 kwa 3 huchukua miche takribani 1,100 kwa hekta. Baada ya kupasuliwa, mbao zipangwe kivulini na kukaushwa polepole, kwani zikikaushwa kwa haraka hupasuka nchani.

Mti huu huvumilia ukame, ingawa katika maeneo makavu ya Serengeti utakua taratibu kuliko katika miinuko ya Tarime yenye migomba na kahawa. Usipandwe kando ya mazao, kwa kuwa hushindana nayo kwa maji, wala kwenye chemchemi. Kifungu cha 57 cha Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 kinalinda eneo la mita 60 kutoka kingo za mito, ukiwamo Mto Mara unaozipitia wilaya hizo kuelekea Ziwa Victoria.

Ushauri kuhusu mbegu, miche na vibali vya kuvuna hutolewa na maofisa misitu wa halmashauri pamoja na Wakala wa Huduma za Misitu Tanzania (TFS).