Podil, mtaa wa chini wa Kyiv

Kyiv ina mji wa juu na mji wa chini. Juu kilimani ndiko walikokaa watawala, pamoja na makanisa yenye makuba ya dhahabu. Chini, kando ya mto Dnipro, kuna Podil, mtaa wa mafundi, wavuvi na wafanyabiashara. Ukiniuliza mimi, historia ya Kyiv ianzie huku chini.

Miaka ya 1970, reli ya chini ya ardhi ilipokuwa ikijengwa, watu wa mjengo walifukua nyumba za magogo zilizokuwa na umri wa miaka elfu moja hivi. Matope ya mto ndiyo yaliyozifunika na kuzihifadhi. Yaani mafuriko yakija, watu wanajenga tena palepale, juu ya matope. Wahame waende wapi, na bandari iko hapo, soko liko hapo?

Kwa karne kadhaa wenyeji walikuwa na haki ya kujitawala, na ofisi za mji zilikuwa hukuhuku Podil. Halafu Julai 1811 mtaa ukashika moto. Uliwaka siku tatu, nyumba zaidi ya 2,000 zikateketea, jumba la utawala wa mji nalo likaungua. Serikali ya Tsar ikamleta William Hastie, msanifu kutoka Uskoti, akachora ramani mpya: barabara zilizonyooka kama rula. Vichochoro vya zamani vikafutwa.

Hapa ndipo huwa nakasirika kidogo, kwa sababu watu husimulia moto wakaishia hapo. Jumba la utawala halikujengwa tena. Mwaka 1817 Chuo cha Kyiv-Mohyla, ambacho mizizi yake ni shule ya 1615, kikafungwa. Mwaka 1834 haki ya kujitawala ikaondolewa kabisa. Hayo hayakuletwa na moto, jamani. Yaliamuliwa mezani, na watu waliokaa mbali na mto.

Uchochoro mmoja ulioponea ni Andriivskyi Uzviz, ule unaopanda kilima ukijipinda. Huo mteremko nani angeunyoosha?

Chuo nacho kilirudi, baada ya uhuru wa 1991, katika uwanja uleule. Mbele yake kuna sanamu ya Skovoroda, mwanafalsafa aliyesoma hapo. Kila mwaka wanaohitimu humwosha mzee huyo kwa maji na sabuni, kisha wanamvika kofia ya mahafali.