Nguvu Zinazopandisha Maji na Kushusha Ardhi Washington

Mji wa Washington hauko kando ya bahari. Hata hivyo, mara mbili kwa siku maji ya mto Potomac hujaa na kupwa, kama yafanyavyo maji ya Lamu na Unguja. Bamba hilo la maji husukumwa kutoka ghuba ya Chesapeake, hupanda mto zaidi ya kilomita 150, na kukomea kwenye maporomoko ya Little Falls, karibu na mpaka wa jimbo la Maryland.

Nguvu ya kwanza ni mvutano wa mwezi na jua. Mwezi unapoandama au kuwa mpevu, mivutano hiyo miwili huungana na kuleta bamvua. Katika pwani ya Afrika Mashariki, tofauti kati ya maji kujaa na kupwa huweza kupita mita 3 wakati huo. Washington ni kiasi cha mita moja tu.

Nguvu ya pili ni upepo. Mwezi Septemba 2003, kimbunga Isabel kilisukuma maji ya bahari ndani ya ghuba na mtoni. Mitaa ya kale ya Alexandria, Virginia, na Annapolis, Maryland, ilifurika.

Nguvu ya tatu hutoka chini. Tarehe 26 Disemba 2004, sakafu ya bahari karibu na Sumatra iliinuka ghafla, na mawimbi ya tsunami yakaua watu hadi Somalia, Kenya na Tanzania. Chini ya Washington mwendo ni wa polepole. Zama za kale, barafu nzito iliikandamiza ardhi ya kaskazini, na ardhi ya kusini yake ikabenuka. Barafu iliyeyuka maelfu ya miaka iliyopita, lakini ardhi iliyobenuka ingali inashuka, huku bahari ikipanda kutokana na ongezeko la joto duniani. Vipimo vilivyoanza kuchukuliwa mjini humo mwaka 1924 vinaonyesha kwamba maji hupanda kwa zaidi ya milimita 3 kwa mwaka.

Katika bwawa la Tidal Basin, maarufu kwa miti yake ya cheri, ukuta uliojengwa juu ya matope ulititia, na maji yakawa yanafunika njia za waenda kwa miguu kila yalipojaa. Mwaka 2024 ulianza kujengwa upya, na miti zaidi ya 100 ikakatwa.

Nguvu hizi hazingojani zamu. Kimbunga kikikutana na bamvua, juu ya ardhi iliyokwisha kushuka, ndipo mafuriko makubwa hutokea.