Woke: Neno Lililoanza kwa Hofu

Juzi kwenye matatu, msichana mmoja aliuliza makanga mbona mama mwenye gunia la viazi analipishwa mara mbili. Jamaa mmoja nyuma akamnyamazisha: "Wewe nawe uko woke sana." Tukacheka. Msichana akageukia dirisha. Mimi pia nilicheka, na nimekuwa nikijiuliza tulicheka nini hasa.

Neno hilo lina safari ndefu. Machi 1931, vijana tisa weusi walishushwa kwenye treni ya mizigo kule Alabama, kusini mwa Marekani, wakadaiwa kuwabaka wasichana wawili wazungu. Mdogo wao alikuwa na miaka 13. Kesi zikaendeshwa mbio mbio mjini Scottsboro, na wanane wakahukumiwa kifo. Mwaka 1933 msichana mmoja alisema mahakamani kwamba hawakubakwa. Hata hivyo vijana hawakuachiliwa.

Mwaka 1938 mwanamuziki Lead Belly alirekodi wimbo kuwahusu. Alipomaliza kuimba aliwashauri watu wote wanaopitia huko wawe waangalifu, wakae "woke". Kwa Kiingereza cha shuleni hicho ni kitenzi cha wakati uliopita, lakini kwa Kiingereza cha watu weusi ni kivumishi: aliye macho. Sisi tungesema, kaa chonjo. Hayakuwa maringo. Ilikuwa njia ya kufika nyumbani ukiwa hai.

Mwaka 1962 mwandishi William Melvin Kelley alilitia neno hilo kwenye kichwa cha makala yake katika New York Times, akieleza jinsi wazungu wanavyookota misimu ya weusi na maana ikageuka. Kelley mwenyewe aliacha Harvard bila digrii. Mimi niliyeacha chuo, jambo hilo silisahau.

Baada ya polisi kumuua Michael Brown mjini Ferguson mwaka 2014, neno likasambaa kote mitandaoni. Kufikia 2022, gavana wa Florida, Ron DeSantis, alikuwa anatia sahihi sheria iliyopewa jina Stop WOKE. Yaani onyo la watu walioogopa kuuawa limegeuzwa tusi la kumziba mtu mdomo, na tusi hilo limefika hadi kwenye matatu yetu.

Yule mama alilipa ile nauli ya pili. Tuliocheka tulikuwa kumi na kitu, na hakuna aliyesema neno.