Zabuni ya siri ina haki zaidi katika ligi za kubuni za vikapu

Mnamo Februari 4, 2012, Jeremy Lin, mchezaji ambaye alikuwa ametemwa na klabu mbili kabla ya kupata hifadhi kwenye benchi ya New York Knicks, aliingizwa uwanjani dhidi ya New Jersey Nets na kufunga pointi 25. Siku sita baadaye aliwafunga Los Angeles Lakers pointi 38. Kwa wanaoshiriki ligi za kubuni, ambazo huunda timu kwa takwimu za wachezaji halisi wa NBA, swali lilikuwa moja: ni nani mwenye haki ya kumsajili?

Msomaji aliyezoea Fantasy Premier League huenda asione tatizo, kwani humo mchezaji mmoja anaweza kuwa katika timu za mamilioni ya watu kwa wakati mmoja. Ligi nyingi za kubuni za vikapu haziendeshwi hivyo. Watu 10 au 12, aghalabu marafiki au wafanyakazi wa ofisi moja, hugawana wachezaji kabla ya msimu kuanza, na kila mchezaji huwa na mmiliki mmoja tu. Wanaosalia huitwa wachezaji huru. Atakayemnyakua mmoja wao akiwa moto huwa amewanyima wenzake wote, na hapo ndipo ugomvi huzuka.

Kuna njia tatu kuu za kuwagawa wachezaji huru. Ya kwanza ni ya atanguliaye kupata. Chelewa chelewa, utakuta mwana si wako. Hata hivyo, njia hii haimtuzi mjuzi bali mwenye nafasi ya kukesha. Katika majira ya baridi, mchuano unaoanza saa moja na nusu usiku jijini New York huanza saa tisa na nusu usiku Nairobi. Mkenya anayecheza na jamaa zake walioko Marekani huamka na kukuta sokoni hamna kitu.

Njia ya pili ni foleni, ambapo timu iliyo mkiani huchagua kwanza. Nia yake ni kuwainua wanyonge, lakini huweza kumtuza anayeshindwa. Baadhi ya ligi humrudisha nyuma ya foleni kila anayesajili. Matokeo yake ni kwamba aliye mbele hukaa kimya kwa majuma mengi akimngoja mchezaji mmoja wa maana.

Ya tatu ni zabuni ya siri. Kila timu hupewa bajeti sawa ya msimu mzima, kwa kawaida dola 100 za kubuni, ambazo zikiisha haziongezwi. Kila mmoja huandika kiasi anachoahidi bila wenzake kukiona. Saa iliyopangwa ikifika, zabuni hufunguliwa, wa juu zaidi humtwaa mchezaji na kukatwa kiasi hicho. Walioshindwa hawapotezi chochote.

Haki ya utaratibu huu imo katika mtaji ulio sawa na muda ulio sawa. Aliyelala na aliyekesha hukutana mezani wakiwa na nguvu moja, na kila mmoja hubeba mzigo wa uamuzi wake. Aliyemwaga bajeti yote kwa Lin alivuna majuma machache tu, kwani jeraha la goti lilimaliza msimu wake mwezi Machi. Huyo hakuonewa na yeyote.

Hata hivyo, zabuni nayo ina mianya. Mshindi akiahidi dola 60 na anayemfuata 12, dola 48 zimepotea bure. Mwanauchumi William Vickrey, aliyepata Tuzo ya Nobel mwaka 1996, alieleza katika makala ya mwaka 1961 mnada ambao mshindi hulipa bei ya mshindani wa pili, hivyo kila mtu huwa huru kutaja thamani anayoiamini. Ligi inayolalamikia hasara hiyo yaweza kuiga mfano huo iwapo msimamizi yuko tayari kupiga hesabu mwenyewe.

Mianya mingine huzibwa kwa kanuni zinazoandikwa kabla ya msimu. Zabuni mbili zikilingana, nani apewe? Je, zabuni ya sufuri inakubalika, au aliyeishiwa hawezi tena kuziba pengo la majeruhi? Je, timu iliyokwisha kukosa nafasi ya mchujo yaruhusiwa kumwaga fedha zilizobaki ili kumzuia hasimu wa rafiki yake? Je, bajeti yaweza kuuzwa katika mabadilishano ya wachezaji?

Msimamizi anayeyajibu maswali haya Oktoba, wakati hakuna ajuaye nani atanufaika, huaminiwa. Anayengoja hadi Februari, zabuni zikiwa tayari zimefunguliwa, atashukiwa kupendelea hata kama ametenda haki.