Harusi za Pemba na Siri ya Flashi: Kwa Nini Nyuma ya Maharusi Kuna Giza?

Chukua albamu ya harusi ya usiku ya Pemba ya miaka ya 1980 au 1990, iwe ya Wete, Chake Chake au Mkoani. Mara nyingi utakuta bibi harusi anang'aa, hina inaonekana hadi kwenye kucha. Ila nyuma yake? Giza totoro, utadhani harusi ilifanyika pangoni. Shangazi, somo, watoto wa jirani waliojazana mlangoni, wote hawaonekani. Vijana wa leo wakiona wanasema kamera za zamani zilikuwa mbovu. Hapana wadau, kamera zilikuwa nzima. Kilichowameza watu wa nyuma ni jinsi flashi na kamera zinavyogawana kazi.

Zanzibar ilianza mambo ya picha mapema. Mjini Unguja, A. C. Gomes alikuwa na studio tangu karne ya 19, na mwaka 1930 Ranchhod Oza akafungua Capital Art Studio pale Mji Mkongwe. Majina hayo yameandikwa. Waliotundika kamera begani kwenda kupiga harusi za usiku huko Pemba, majina yao hayakuandikwa sana, na kazi yao haikuwa ya mchezo. Studio mteja anakaa kwenye kiti, taa zimepangwa, umbali haubadiliki. Kwenye harusi ya kijijini mwanga ni karabai na kandili, na watu hawatulii.

Dawa ya giza ilikuwa flashi. Mwaka 1887 Wajerumani wawili, Adolf Miethe na Johannes Gaedicke, walitoa unga wa magnesiamu uliokuwa ukilipuka kwa mwanga mkali na moshi wa kutosha. Mwaka 1929 zikaja balbu za flashi, moja kwa picha moja, kisha unatupa. Baadaye ikaenea flashi ya umeme, ile ya betri inayochomekwa juu ya kamera na kulia kasauti kembamba ikijaa chaji. Hiyo haikuhitaji umeme wa ukutani, ndo maana ilifaa kijijini.

Sasa siri yenyewe. Picha ya flashi ni picha mbili ndani ya moja. Flashi inawaka kwa muda mfupi mno, kama sehemu moja ya elfu ya sekunde au hata chini ya hapo. Shata ikae wazi 1/60 au 1/8 ya sekunde, flashi haijali, yenyewe ishamaliza. Kinachoibadilisha ni nguvu yake, tundu la lenzi, ISO na umbali. Ukirudi nyuma mara mbili, mwanga unaomfikia mtu unabaki robo tu. Mwanga wa karabai ni tofauti, unaingia polepole kama maji ya bomba. Shata ikikaa wazi unajaa, ikifunga haraka haupati nafasi. Kwa kifupi: flashi inamchora bibi harusi, shata inawachora waliosimama nyuma yake.

Mpiga picha wa enzi hizo alipiga hesabu kichwani, au alisoma jedwali lililobandikwa mgongoni mwa flashi. Kama namba ya nguvu ni 32 kwa filamu ya ISO 100, na mtu yuko mita 4, basi 32 gawa kwa 4, tundu ni f/8. Akisogea hadi mita 2, inakuwa f/16. Kisha shata. Zenit-E ya Kisovieti ilikubali flashi mwisho 1/30, Canon AE-1 ya mwaka 1976 mwisho 1/60. Ukizidisha hapo, mapazia mawili ya shata hayafunguki yote kwa wakati mmoja, na picha inatoka na kipande cheusi. Bwana harusi yupo, bibi harusi kaliwa na pazia.

Na usisahau, filamu haikuonyesha kosa mpaka isafishwe. Wakati huo wageni wameshaondoka na hina imeshafutika. Kwa hiyo njia salama ilikuwa 1/60 na f/8, uso upatikane kwanza. Giza la nyuma lilikuwa bei ya uhakika.

Kamera zikaanza kujifanyia hesabu zenyewe. Mwaka 1975 Olympus OM-2 ilikuja na uwezo wa kupima mwanga wa flashi unaorudi kupitia lenzi na kuizima ukitosha. Mwaka 1995 Canon ikaleta E-TTL, flashi inayotoa kamwanga ka majaribio kabla ya picha, kamera inapima, ndipo inaamua nguvu. Lakini kila modi ina msimamo wake. Ukiweka P ndani ya ukumbi wenye giza, kamera haitaki picha itikisike, inang'ang'ania shata kama 1/60, nyuma kunakuwa kweusi vilevile. Ukiweka Av kwenye Canon nyingi, inafungua shata muda mrefu ili ukumbi uonekane, na mchezaji wa msewe anatoka na miguu ya ukungu. Nikon kwenye A kwa kawaida inaishia 1/60, mpaka uchague SLOW. Kwenye M unaamua mwenyewe: shata ya ukumbi, tundu na ISO ya wote, flashi ya uso.

Halafu kuna mtego wa nguo. Kipimo cha kamera kinapenda kila kitu kiwe cha wastani, si cheupe wala cheusi. Kanzu ikijaa kwenye picha, kinaona mwanga umezidi, kinapunguza flashi. Kanzu inakuwa ya kijivu na uso wa bwana harusi unazama. Buibui jeusi likijaa, kinaongeza, na uso unapauka. Anayejua anaiambia flashi +1 kwenye kanzu na −1 kwenye buibui, kisha anaendelea.

Mwaka 2010 Pemba iliunganishwa na gridi ya taifa kwa waya uliopita chini ya bahari kutoka Pangani, Tanga. Kabla ya hapo kisiwa kilitegemea jenereta za dizeli. Siku hizi kumbi zina taa za kila rangi, yaani nyuma ya maharusi kuna mengi ya kuonyesha. Ila ukiacha kamera kwenye P, taa zote hizo zinazama gizani kama enzi za karabai. Shusha shata hadi 1/30 au 1/15, pandisha ISO, punguza flashi, na shangazi anarudi kwenye picha.

Na hapo ndipo penye uzito. Bibi harusi atapigwa picha nyingine nyingi maishani. Lakini bibi aliyekaa kwenye mkeka pale nyuma, aliyeamka alfajiri kuchambua mchele wa pilau, pengine usiku ule ndio ulikuwa picha yake pekee. Wajukuu watakuja kumtafuta kwenye albamu. Kama shata ilifungwa haraka, watakuta weusi mtupu.