Daudi wa Nairobi, Mwanga wa Stockholm

Ukitoka Bariadi na mtoto mwenye uvimbe wa taya, unapita Lamadi, unashika barabara ya Mwanza, safari inaishia Bugando. Nyumbani wengi huanza kwa kusema ni jino tu. Kumbe huenda ni limfoma ya Burkitt: saratani inayokua mbio, lakini inayopona kwa dawa ikiwahiwa.

Denis Burkitt, daktari mpasuaji wa Mulago, Kampala, aliieleza mwaka 1958. Mwaka 1961 yeye na wenzake wawili waliendesha gari kama kilomita 16,000 hadi Afrika Kusini, wakiuliza hospitali kwa hospitali. Ramani ikaonyesha joto na mvua. Baadaye malaria ikatajwa. Ndiyo maana kati ya 1977 na 1982, jirani zetu wa Mara Kaskazini, watoto waligawiwa klorokwini kuona kama saratani ingepungua. Jibu halikunyooka.

Hiyo ndiyo nusu inayosimuliwa. Nusu ya pili ilipanda ndege.

Mwaka 1941, kule Harvard, Albert Coons na wenzake walionyesha kwamba kingamwili inaweza kubandikwa rangi inayong'aa. Kwa kuwa kila kingamwili hushika kitu chake tu, ukiitazama kwa hadubini, penye mng'aro ndipo kitu hicho kilipo.

Miaka ya 1960, vipande vya uvimbe kutoka Hospitali ya Taifa ya Kenyatta, Nairobi, vilisafirishwa hadi Taasisi ya Karolinska, Stockholm, kwa Eva na George Klein. Mwaka 1968 wao na wenzao, akiwemo daktari Peter Clifford wa Nairobi, walitangaza walichokiona: juu ya seli hizo iling'aa protini iitwayo IgM. Nayo yenyewe ni kingamwili, ila hapa imekaa kwenye ngozi ya seli kama mpokea ujumbe. Ikiguswa, inapeleka habari ndani: amka, gawanyika. Ushahidi ukawa kwamba saratani hii huzaliwa kwenye seli za kinga, zile za aina ya B.

Seli hizo zilioteshwa maabara, zikapewa jina Daudi. Mpaka leo zinauzwa na kupimwa duniani kote, na watafiti bado wanasoma kwazo jinsi seli zinavyopashana habari.

Na mwenyewe? Orodha za seli zinasema: mwanamume, Mwafrika, miaka 16, limfoma ya Burkitt. Basi.

Sisi wapenda vitabu tunamjua Henrietta Lacks wa Marekani, kwa sababu mwaka 2010 Rebecca Skloot alimwandikia kitabu, akaenda kuisikiliza familia yake. Kijana wa Nairobi hana kitabu, si kwa Kiingereza, si kwa Kiswahili. Tunajua protini iliyong'aa juu ya seli zake kuliko tunavyojua nani alimshika mkono siku ile wodini.

Mwandishi wa kuifanya kazi hiyo asingoje Stockholm. Aanzie kwenye basi la Lamadi, kwa mama aliyekaa na mtoto mwenye kitambaa shavuni, amuulize kwanza: mtoto anaitwa nani?